Wajibu wa Mtu kwa Maisha Yake: Mafunzo ya Kumbukumbu za Katavi

Mtu hachagui mahali pa kuzaliwa, hachagui wazazi, wala hachagui vita, njaa au ugonjwa utakaomkuta njiani. Hata hivyo, pale ambapo mengi yamekwisha kuamuliwa na wengine, hubaki sehemu ya maisha inayongoja uamuzi wake mwenyewe. Kuwajibika kwa maisha ni kuishika sehemu hiyo, iwe kubwa au ndogo, na kuijibu kwa matendo. Maana ya maisha nayo hukua humo humo: katika kazi ambayo mtu ameifanya, na katika watu ambao kazi hiyo imewafaa.

Mara nyingi wajibu huchanganywa na lawama. Aliyeibiwa hana kosa la wizi, aliyekimbia vita hakuvianzisha, na yatima hakutaka kufiwa. Kosa hubaki kwa aliyelitenda, na haki hudaiwa kwake. Lakini kuuliza nani amekosea ni jambo moja, na kuuliza nani atalima shamba msimu huu ni jambo jingine. Swali la kwanza linaweza kukaa mahakamani miaka mingi, na pengine lisipate jibu kabisa. La pili halisubiri: mvua za Novemba zikianza, wa kulijibu ni yule aliyeshika jembe. Watu wengi walioumizwa hukwama kwa kutotenganishiwa maswali haya mawili. Wakiambiwa wawajibike, wanasikia kwamba wanalaumiwa, na kwa haki kabisa wanakataa.

Mkoa wa Katavi una kumbukumbu mbili zinazolieleza jambo hili kwa uwazi. Ya kwanza ni ya mtu mmoja aliyeletwa Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, baada ya kupita katika utumwa. Ya pili ni ya maelfu ya watu waliofika Katumba na Mishamo wakiwa wamepoteza nchi yao. Zikisomwa kutoka Majengo, katika mji wa Mpanda, zote mbili ni historia ya nyumbani, na zinagusa maswali yale yale yanayoulizwa hapo hadi leo.

Majengo na mji wa Mpanda

Majengo ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Mpanda si mji wa kale wa misafara kama Ujiji au Tabora. Ulikua kwa sababu ya madini. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba madini ya risasi huko Mukwamba, na reli ya tawi ikajengwa kutoka Kaliua hadi Mpanda, ikakamilika mwaka 1950. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Reli ilibaki na mji ukabaki, ila ajira iliyowavuta watu ilikuwa imekwisha.

Baadaye walifika wengine kwa sababu nyingine: wakimbizi kutoka Burundi kuanzia mwaka 1972, wakulima na wafugaji waliotafuta ardhi na malisho kutoka mikoa ya kaskazini, na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kwa hiyo, katika mitaa kama ya Majengo ni kawaida kukuta majirani ambao habari zao zinaanzia mahali pengine, na mara nyingi zinaanza na hasara: kazi iliyokwisha, shamba lililogombewa, mifugo iliyokufa, mzazi aliyefariki mapema. Mji wa namna hii huwalazimisha watu kuanza upya. Kumbukumbu za waliotangulia huonyesha jinsi hilo linavyofanyika, na kwa gharama gani.

Adrien Atiman: kutoka utumwani hadi Karema

Adrien Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 karibu na mto Niger, katika eneo la Timbuktu, nchi inayoitwa Mali leo. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa, akauzwa, kisha akavushwa jangwa la Sahara pamoja na msafara wa wafanyabiashara. Huko Algeria, katika miaka ya 1870, alikombolewa kwa fedha na Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Charles Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868. Walimlea na kumsomesha pamoja na watoto wengine waliokombolewa.

Lavigerie, aliyekuwa Kardinali baadaye, alikuwa na mpango wake. Alitaka vijana Waafrika wasomee udaktari, kisha waishi katikati ya Waafrika wenzao, waoe, watibu na kufundisha dini. Kwa ajili hiyo alifungua chuo katika kisiwa cha Malta mwaka 1881. Atiman alisoma huko hadi mwaka 1888, mwaka ule ule ambao Lavigerie alizunguka miji mikuu ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya utumwa. Katika mwaka huo Atiman alianza safari ya kwenda Afrika ya Mashariki, wakati pwani ikiingia katika vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani. Msafara ulitembea kwa miguu kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, na mwaka 1889 ukafika Karema.

Karema ilikuwa kituo kilichoanzishwa na Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika mwaka 1879, na Mapadre Weupe walikabidhiwa kituo hicho mwaka 1885. Biashara ya watumwa ilikuwa bado haijakwisha. Mateka kutoka ng'ambo ya ziwa, nchi inayoitwa Kongo leo, walivushwa kwa mitumbwi na majahazi na kupitishwa kuelekea Tabora na pwani. Misheni ilikuwa ikipokea waliokombolewa na waliotoroka, wengi wao watoto. Kijana aliyefika hapo akiwa na sanduku la dawa alikuwa ameyaonja mwenyewe waliyoyapitia wagonjwa wake.

Atiman alikaa Karema hadi alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Alioa mwanamke wa huko, akapata mtoto wa kiume, Joseph, ambaye baadaye alipewa upadre. Alitibu kwa vifaa vichache: alisafisha na kufunga vidonda, alifanya upasuaji, alihudumia waliojeruhiwa na wanyama, alichanja dhidi ya ndui, na alijifunza dawa za mitishamba za wenyeji akazichanganya na ujuzi alioupata Malta. Alipita katika tawala mbili za kikoloni, ya Wajerumani na ya Waingereza, na katika vita vikuu viwili. Malale yaliyoenezwa na mbung'o yalipoingia katika nchi za ziwa na misitu ya magharibi, hapakuwa na daktari mwingine wa karibu kwa watu wengi wa eneo hilo. Habari za maisha yake, alizozieleza mwenyewe, zilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Leo jina lake limebaki katika hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga na katika Atiman House, nyumba ya Wamisionari wa Afrika jijini Dar es Salaam.

Yanayofunzwa na maisha ya Atiman

Funzo la kwanza ni kwamba wajibu huanza pale uwezo unapoanza. Mtoto aliyetekwa hakuwa na la kujibu. Hakuna aliye na haki ya kumwambia mtoto wa namna hiyo kwamba alipaswa kuwa mwerevu zaidi au mwenye bidii zaidi. Kilichohitajika kwanza ni mtu mzima wa kumtoa mikononi mwa waliomshika. Wajibu wake ulikua kadiri alivyokua yeye: kwanza kujifunza, kisha kutibu, kisha kulea familia, kisha kuwa tegemeo la nchi nzima ya kandokando ya ziwa. Utaratibu huu unawafaa walezi na walimu. Mtu hupewa mzigo unaolingana na nguvu zake, na mzigo huongezwa kadiri nguvu zinavyoongezeka.

Funzo la pili ni kwamba mtu hahitaji kuchagua kila kitu ili maisha yawe yake. Atiman hakuchagua Algiers, na hakuupanga yeye mpango wa Malta. Kwao, ukingoni mwa Niger, kulikuwa mbali na Karema kwa upana wa bara zima. Uhuru wake ulionekana zaidi katika jambo moja: kubaki. Siku moja baada ya nyingine, kwa zaidi ya nusu karne, aliifanya upya kazi iliyokuwa imeanza kwa uamuzi wa watu wengine, mpaka ikawa yake. Watu wengi hujikuta katika hali inayofanana na hiyo. Kazi yao ni ile waliyoipata, ndoa yao ilipangwa na wazee, mji wao ni ule nauli yao ilipoishia. Njia ya kuyafanya maisha hayo kuwa yao ni kuyashika kwa mikono yao wenyewe na kuyatumikia vizuri.

Funzo la tatu linahusu jeraha. Utumwa ulikuwa uovu, na miaka yote ya utumishi wa Atiman haiugeuzi kuwa wema. Kosa kubwa la masimulizi mengi ya kutia moyo ni kusema kwamba mateso yalikuwa na faida, kana kwamba aliyetenda uovu anastahili shukrani. Yanayoonekana Karema ni mengine. Uovu ulitendwa na hauna udhuru, na mtu aliyetendewa akachukua alichokijua kwa sababu ya uovu huo, yaani hofu ya mateka na upweke wa aliyetengwa na kwao, akakitumia kuwahudumia watu. Maana ya maisha yake imo katika utumishi huo. Waliomuuza hawana sehemu ndani yake.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hiyo haisemi kwamba koleo halikuvunjika, wala haisemi kwamba ni vizuri likivunjika. Inakiri hasara waziwazi, halafu inamrudisha mhunzi kwenye kazi yake.

Katumba na Mishamo: wajibu wa jamii nzima

Mwezi Aprili 1972 yalianza mauaji nchini Burundi yaliyowalenga zaidi Wahutu waliosoma, kisha yakaenea. Waliouawa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 100,000, na watu wengi walikimbilia nchi jirani. Tanzania iliwapokea na kuwapeleka katika makazi matatu makubwa yaliyofunguliwa ndani ya misitu ya magharibi: Ulyankulu katika Mkoa wa Tabora, Katumba karibu na Mpanda, na Mishamo iliyofunguliwa mwaka 1978 ili kupunguza msongamano wa Ulyankulu. Kazi ilifanywa kwa ushirikiano wa Serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la Kilutheri la Tanganyika Christian Refugee Service.

Kila familia ilipewa shamba la kufyeka, zana za kilimo, mbegu, na chakula cha kuishi mpaka mavuno. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huko Katumba methali hiyo ilitekelezwa kama ilivyo. Msitu ulikuwa na mbung'o na wanyama wakali. Waliofika walikuwa wamepoteza ndugu, nyumba na nchi. Walifyeka, wakajenga, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, wakaweka shule na makanisa. Katikati ya miaka ya 1980 makazi yote matatu yalikuwa yamehesabiwa kuwa yanajitegemea kwa chakula, na mazao yake yalilisha hata masoko ya nje, ukiwemo mji wa Mpanda. Mwaka 1983 Rais Julius Nyerere alitunukiwa nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa jinsi Tanzania ilivyowapokea wakimbizi.

Historia hiyo ina sehemu mbili zisizoweza kutenganishwa. Waliojikomboa kwa jasho lao ni wakimbizi wenyewe. Lakini jembe walipewa, shamba walipewa, na chakula cha msimu wa kwanza walipewa. Bila vitu hivyo, kuwaambia wawajibike kungekuwa dhihaka. Bila jasho lao, msaada ungebaki mgao wa kila mwezi usio na mwisho. Bidii ya mtu na nafasi anayopewa na wenzake huhitajiana, na penye moja tu maisha hayasimami.

Mtafiti Liisa Malkki, aliyeishi Mishamo katikati ya miaka ya 1980 na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1995, alikuta pia jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi. Watu walisimuliana historia ya mauaji na ya kukimbia mara kwa mara, na masimulizi hayo yaliwaunganisha kuwa jamii yenye kujitambua. Kumbukumbu inayosimuliwa pamoja huwapa watu mahali pa kusimama. Ina hatari zake pia, maana inaweza kurithisha chuki kwa mtoto ambaye hakuwepo. Wajibu wa msimulizi ni kueleza kilichotokea bila kumficha mkosaji, na bila kumbebesha kosa lake kila mtu wa kabila lake.

Mipaka ya wajibu wa mtu mmoja

Kumbukumbu ya Katumba inaonyesha pia mahali ambapo bidii ya mtu hugonga ukuta. Kwa miaka mingi, wakazi wa makazi hayo walihitaji kibali ili kutoka nje ya eneo lao. Kijana aliyezaliwa Katumba, akasoma hapo na kuongea Kiswahili kama jirani yake wa Mpanda, bado alihesabiwa mkimbizi. Mwaka 2007 ulianza mpango wa kuwauliza wakimbizi wa mwaka 1972 kama wanataka kurudi Burundi au kuwa Watanzania. Walio wengi walichagua Tanzania. Mwaka 2010 maombi ya uraia ya watu wapatao 162,000 yalikubaliwa. Sharti mojawapo lilikuwa kuukana uraia wa Burundi, lakini vyeti vya Utanzania vilianza kugawiwa mwaka 2014 tu, baada ya mpango wa kuwahamishia mikoa mingine kuachwa.

Katika miaka hiyo ya katikati hakuna jitihada ya mkulima yeyote ambayo ingeweza kumpatia cheti. Kazi hiyo ilikuwa ya Serikali. Ni muhimu hili lisemwe waziwazi, kwa sababu mafundisho ya kuwajibika hugeuka kuwa ukatili yanapomdai mtu mambo yaliyo mikononi mwa wengine. Mtoto hadaiwi kujilea. Mgonjwa wa akili hadaiwi kujitibu kwa kujikaza. Mke anayepigwa hadaiwi kuwa mvumilivu zaidi. Anayepaswa kujibu ni anayempiga, na wa kuchukua hatua pamoja na mke huyo ni ndugu, majirani na vyombo vya sheria. Mwenye kunyimwa haki ana wajibu mmoja ambao hakuna wa kumfanyia: kuidai, kwa njia zilizopo na pamoja na wenzake, bila kuacha kuishi wakati anaingoja.

Maana hupatikana wapi

Mbali na Katavi, daktari Viktor Frankl wa Vienna, Myahudi, alikamatwa mwaka 1942 na kupitishwa katika kambi za mateso za Wanazi hadi alipokombolewa mwaka 1945. Mke wake, wazazi wake na kaka yake walikufa. Mwaka 1946 alichapisha kumbukumbu yake, na katika maandishi yake akaeleza njia tatu ambazo kwazo mtu huipata maana: kazi anayoifanya, upendo kwa mtu au kitu chema, na msimamo anaouchukua mbele ya mateso yasiyoepukika. Alisisitiza kwamba njia ya tatu ni kwa mateso yasiyoepukika tu. Mateso yanayoweza kuondolewa, wajibu wa kwanza ni kuyaondoa.

Afrika ya Mashariki ina shahidi wake katika Shaaban Robert, aliyezaliwa Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Katika Maisha Yangu na katika Baada ya Miaka Hamsini, aliandika habari zake mwenyewe kama karani wa serikali ya kikoloni, mume, baba na mshairi. Alifiwa na mke wake Amina na kuachiwa watoto. Sehemu ya jibu lake kwa msiba huo ni malezi, na sehemu ni kalamu: aliwatungia watoto wake tenzi za mawaidha, Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe. Huzuni haikuisha. Ilipewa kazi, na kazi hiyo imewafaa wasomaji wasiohesabika ambao hawakumjua.

Atiman, Frankl na Shaaban Robert walitofautiana kwa dini, elimu na nchi. Linalowaunganisha ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeipata maana kwa kuitafuta peke yake chumbani. Kila mmoja alikuwa na watu waliomhitaji: wagonjwa, wafungwa wenzake, watoto. Anayejiuliza maisha yake yana maana gani anaweza kuligeuza swali na kuuliza: ni nani anayenihitaji leo, na ninaweza kumfanyia nini? Mara nyingi swali la pili lina jibu hata siku ambayo la kwanza halina.

Wajibu katika maisha ya kila siku

Kwa mkazi wa Majengo, mafunzo haya huja na majina ya kawaida. Kijana wa bodaboda amechukua pikipiki kwa mkataba na anatakiwa kupeleka hesabu kila jioni, abiria wawepo wasiwepo. Mchimbaji mdogo ameshuka shimoni miezi kadhaa kwa makubaliano ya kugawana mawe na mwenye duara, na mawe hayajatoa dhahabu. Mama aliyeachiwa watoto amekopa mkopo wa riba kubwa, ule unaoitwa kausha damu, ili alipe ada, na sasa anakopa kwingine kulipa wa kwanza. Mkulima ameuza mahindi mapema kwa bei ya chini kwa sababu ya ugonjwa nyumbani. Hakuna katika hawa aliye mvivu. Hata hivyo kila mmoja ana sehemu iliyo mkononi mwake, na kuna hatua zinazosaidia kuiona.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha yaliyo mkononi na yasiyo mkononi. Bei ya petroli na bei ya mahindi haziko mkononi mwa mtu mmoja. Kusoma mkataba kabla ya kuweka sahihi, kuweka kando kiasi fulani siku ya kipato kizuri, kukataa kucheza kamari ili kufidia hasara, kumwambia mwenza ukweli kuhusu deni: hayo yapo mkononi. Orodha fupi ya mambo ya kweli inafaa kuliko orodha ndefu ya matamanio.

Hatua ya pili ni kushika kazi moja inayoweza kumalizika. Maisha yaliyovurugika hayanyooshwi yote kwa siku moja. Familia za Katumba hazikuanza na shule; zilianza na kufyeka kipande cha kwanza na kukiwahi kwa mbegu kabla mvua hazijapita. Kila jambo linalomalizika humwonyesha mtu kwamba mikono yake bado inafanya kazi, na ushahidi huo una nguvu kuliko maneno ya kutiwa moyo.

Hatua ya tatu ni kuomba msaada unaostahili. Kuomba msaada ni sehemu ya kuwajibika, kama ilivyokuwa kupokea jembe. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ofisi ya serikali ya mtaa, zahanati, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, viongozi wa dini na wazee wa ukoo, wote wapo kwa kazi hiyo. Anayejua haki yake na kuifuata amewajibika kama yule anayelima.

Hatua ya nne ni kuwa na watu wa kuwajibu. Kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hufanya kazi kwa sababu wanachama hukutana kila wiki, huhesabu hisa mbele ya macho ya wote, na anayechelewa hueleza. Ahadi iliyotolewa mbele ya wenzako ni ngumu kuivunja kuliko ile uliyojipa mwenyewe usiku. Kikundi pia hujua mtu anapoanza kuzama, na humfuata nyumbani kabla hajapotea. Kwa aliyekuja mjini bila ndugu, kikundi cha namna hii ndicho undugu wake.

Hatua ya tano ni kuyaacha mengine. Baadhi ya hasara hazirudi: mume aliyekufa, mguu uliokatwa, miaka iliyoliwa na kesi. Kuzikubali hasara hizo ni kuacha kuzilipa kila siku kwa muda na nguvu zinazohitajika kwingine. Wanaoomboleza wapewe muda wao, wasiharakishwe. Kukubali kwa kweli hakupatikani kwa amri ya jirani anayetaka msiba umalizike mapema.

Kuandika na kusimulia kumbukumbu

Habari za Atiman zimefika kizazi hiki kwa sababu alizieleza angali hai na zikaandikwa. Habari nyingi za Majengo na za Katumba zipo kwa wazee tu, na wazee wanapungua. Kuziandika ni sehemu ya wajibu pia, na hakuhitaji elimu ya juu. Mjukuu mwenye daftari, au simu ya kurekodia sauti, anaweza kukaa na bibi yake na kumuuliza maswali manne: nini kilitokea, nani alihusika, ulifanya nini, na ulichofanya kilimfaa nani.

Maswali hayo manne hulinda ukweli. La kwanza huzuia kusahau. La pili huzuia kumtwika aliyeumizwa kosa la aliyemuumiza, na pia humpa nafasi yake aliyesaidia: aliyetoa chakula, aliyeficha watoto, aliyelipa ada. La tatu humwonyesha msimulizi kwamba ndani ya mambo yote yaliyompata kulikuwa na mambo aliyoyafanya yeye, hata kama yalikuwa madogo. La nne humwonyesha mahali ilipo maana ya maisha yake, mara nyingi katika watu ambao hakuwahi kuwahesabu.

Mwenye kusimulia achague pia cha kutosimulia. Habari za mtoto aliyedhulumiwa ni mali ya mtoto huyo. Mkubwa asizitangaze bila ridhaa yake atakapokua. Majina ya walio hai yanaweza kuachwa pale ambapo kuyataja kungewaletea madhara. Ukweli wa kumbukumbu haupungui kwa heshima ya namna hiyo.

Kizazi kinachopokea kumbukumbu zilizosimuliwa hivi hupata mambo mawili kwa pamoja: kujua dhuluma ilivyokuwa, ili isirudiwe, na kujua kwamba wazee wake walikuwa watu waliotenda, si watu waliotendewa tu. Mtoto wa Majengo anayejua hayo, akipatwa na magumu yake mwenyewe, atajua kumdai aliyemkosea, atajua kuomba anachostahili, na atajua kwamba sehemu iliyobaki mikononi mwake ni yake kuifanyia kazi.